Kutwa Mara Tatu: Saa ya Kiswahili na Ratiba ya Dawa

Bahasha ya dawa inayotolewa kwenye dirisha la hospitali, au katika duka la dawa pale Kariakoo, hubeba maneno machache sana: jina la dawa, idadi ya vidonge na mara ngapi vimezwe. Mara nyingi huandikwa 1×3, na mtoa dawa husoma kwa sauti, "Kimoja, kutwa mara tatu." Mgonjwa huitikia, hukunja bahasha na kuondoka. Maneno hayo yamezoeleka mno, hata hakuna anayeuliza kutwa ni nini.

Kuchwa ni kuzama kwa jua, na kutwa ni neno hilohilo kwa matamshi mengine. Mchana kutwa ni tangu jua lichomoze hadi litue. Mwenziwe ni usiku kucha, yaani tangu giza liingie hadi kupambazuke. Hivyo neno lililoandikwa kwenye bahasha lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana mpaka siku ya ugonjwa. Kwa mfamasia, kutwa ni siku nzima ya masaa 24. Kwa lugha yenyewe, kutwa ni muda wa mwanga tu. Mgonjwa anayemeza kidonge saa 1 asubuhi, kingine saa 7 mchana na cha mwisho saa 12 jioni ametii Kiswahili sanifu. Amemeza vitatu, na vyote vimeingia ndani ya kutwa. Kisha hukaa masaa 13 bila dawa.

Je, masaa 13 yana madhara? Inategemea dawa. Amoksisilini, ambayo hutolewa sana kwa vichomi na maambukizi ya masikio, hupungua mwilini kwa nusu katika muda wa karibu saa moja tu. Dawa za kundi hilo huua bakteria kwa kadiri ya muda ambao kiwango chake katika damu kinabaki juu ya kile ambacho bakteria hawawezi kukistahimili. Kiwango hicho kikishuka, bakteria waliobaki huanza tena kuzaana, na usiku mrefu huwapa nafasi hiyo kila siku kwa siku zote za tiba. Ndiyo maana maandishi ya kitaalamu husema kila baada ya masaa 8. Parasetamoli haina shida ya namna hiyo: hukumu yake ni kwamba dozi zisikaribiane kwa chini ya masaa 4 na mtu mzima asivuke gramu 4 katika masaa 24, na mgonjwa aliyelala bila maumivu haamshwi ili aimeze. Metronidazoli hukaa mwilini muda mrefu zaidi, nayo husamehe kuchelewa kidogo. Fenobabito ya kifafa huchukua siku kadhaa kupungua kwa nusu. Kwa hiyo alama moja ya 1×3, au 1×2, huficha amri za aina mbalimbali, na mgonjwa hana njia ya kujua ipi ni kali na ipi ni laini isipokuwa aambiwe.

Saa inayoanza na jua

Mgeni anayefika Dar es Salaam hushangaa kwamba saa ya mkononi inaonyesha 8:00 na mwenye saa anasema ni saa mbili. Mwenyeji haoni ajabu. Macho yake yamezoea kusoma tarakimu inayokabili ile ambayo mshale mfupi umeielekea: mshale ukiwa kwenye nane, saa ni mbili, ukiwa kwenye moja, saa ni saba. Wengi hufanya hivyo tangu utotoni bila kujua kwamba wanafanya hesabu.

Hesabu hiyo ina mantiki ya mahali. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mchana mfupi wa Juni haifiki saa moja. Jua huchomoza karibu saa 12 na kuzama karibu saa 12 mwaka mzima. Palipo na mchana wa masaa 12 na usiku wa masaa 12, kuhesabu saa ya kwanza baada ya kupambazuka na saa ya kwanza baada ya giza kuingia ni jambo jepesi kuliko kuanza siku katikati ya usiku, wakati ambao hakuna alama yoyote angani. Saa rasmi ya nchi imefungwa kwenye longitudo ya digrii 45, ilhali jiji liko karibu digrii 39. Ndiyo sababu jua la utosini hufika, kwa wastani, dakika zaidi ya 20 baada ya saa 6 mchana.

Waswahili hawako peke yao. Nchini Ethiopia saa huhesabiwa hivyohivyo, na nchini Uganda wasemaji wa Kiganda hufanya vivyo hivyo. Warumi wa kale waligawa mwanga wa siku katika saa 12, na saa yao ya sita ilikuwa adhuhuri. Jina la usingizi wa mchana katika Kihispania, siesta, limetokana na neno hilo la sita. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hupata faida ambayo msomaji wa Ulaya hana: vibarua walioajiriwa saa kumi na moja katika mfano wa shamba la mizabibu waliajiriwa wakati uleule ambao kibarua wa Kariakoo angeuita saa kumi na moja, jua likiwa limebakiza muda mfupi kuzama. Dola ya Uthmaniya ilianza kuhesabu saa wakati wa machweo, na Uturuki iliuacha mtindo huo mwaka 1926. Japani ilikuwa na saa zilizorefuka na kufupika kwa majira, ikaziacha mwaka 1873. Kugawa siku ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika.

Kabla ya saa za ukutani, na hata sasa kwa wazee wengi, siku iligawanywa kwa majina: majogoo, alfajiri, macheo, mafungulia ng'ombe, adhuhuri, alasiri, machweo, magharibi, usiku mchanga, usiku wa manane. Majina hayo si mabaki ya kuonewa huruma. Katika Kariakoo, adhana kutoka misikiti kama ule wa Mtoro na wa Manyema husikika mara tano kila siku, na hata wasiokuwa Waislamu hupanga kazi kwa sauti hiyo. Mnara wa Saa uliojengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya jiji, unajulikana zaidi leo kama mahali pa kukutania kuliko kama kipimo cha wakati.

Saa na masaa

Walimu wa sarufi hukataza neno masaa. Saa, wanasema, ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, na wingi wake ni saa. Wana hoja, lakini mhudumu wa afya ana sababu ya kulitetea neno hilo. Kiswahili hutumia neno moja, saa, kwa kifaa, kwa nukta ya wakati na kwa urefu wa muda. "Saa 8" inaweza kuwa muda mrefu kuliko robo ya siku, na inaweza kuwa wakati mmoja tu baada ya adhuhuri. Watu wa mitaani wamekwisha kutatua utata huo kwa kusema masaa wanapokusudia muda, na makala hii inafuata desturi yao.

Umuhimu wake unaonekana waziwazi katika malaria. Mwaka 2006 Tanzania iliacha SP na kuchukua dawa mseto ya atemetha na lumefantrini, ALu, kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali. Dozi zake ni sita kwa siku tatu, lakini hazigawanyiki sawasawa. Ya pili humezwa masaa 8 baada ya ya kwanza. Kisha hufuata ya saa ya 24 tangu kuanza, ya 36, ya 48 na ya 60, ambazo kwa kawaida huwa asubuhi na jioni ya siku ya pili na ya tatu. Mtoa dawa husema, "Umemeza sasa, nyingine meza baada ya saa nane." Katika duka lenye foleni, na kelele za bodaboda na wapiga debe nje, mgonjwa mwenye homa husikia: meza saa nane. Ikiwa amemeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi, atameza ya pili saa 8 mchana, baada ya masaa 4 tu, ilhali wakati wake ni saa 12 jioni. Aliyeanza saa 1 usiku anatakiwa aamke saa 9 usiku. Kama hakuelezwa, hulala mpaka asubuhi, na dozi mbili za mwanzo zinakuwa zimepishana kwa masaa 12 wakati vimelea bado ni wengi.

Dawa hiyo pia huhitaji mafuta kidogo tumboni ili lumefantrini ifyonzwe vizuri: maziwa, chapati, wali wa nazi. Kwa hiyo agizo lililo kamili husema mambo matatu: saa ngapi, ya asubuhi au ya usiku, na pamoja na nini. "Baba, dozi ya pili ni leo saa 12 jioni, magharibi ikiadhiniwa, kula kwanza." Sentensi hiyo haichukui muda mrefu kuliko "baada ya saa nane", wala haimwachii mgonjwa hesabu ya kufanya akiwa na homa.

Kosa la masaa sita

Wodini saa huandikwa kwa tarakimu za masaa 24. Mgonjwa huzungumza Kiswahili. Kati ya hizo mbili kuna pengo la masaa sita kamili, na kila siku mtu fulani hulivuka kwa kichwa, akiwa na usingizi.

Mjamzito akisema chupa ilipasuka saa kumi, muuguzi aliyechoka anaweza kuandika 10:00. Kama mama alikusudia saa kumi alfajiri, wakati wa kweli ni 04:00, na jalada limempunguzia masaa sita. Muda unaopita tangu chupa kupasuka ni jambo la usalama wa mtoto: ukizidi masaa 18, hatari ya maambukizi kwa mtoto mchanga huongezeka na timu hubadili mpango wa uangalizi. Ikifika saa 4 usiku mama huyo ametimiza masaa 18, lakini jalada linasema 12, na hakuna anayestuka. Kama alikusudia saa kumi alasiri, kosa huenda upande wa pili: anayefika saa 2 usiku baada ya masaa 4 huhesabiwa amefikisha 10, na uchungu wake huonekana kuwa wa muda mrefu kuliko ulivyo. Wakunga wazoefu wana swali lao linaloondoa utata wote, nalo halitaji saa kabisa: "Mama, kulikuwa kumeshakucha?"

Maandalizi ya upasuaji yana mtego wake. Agizo la kawaida ni kutokula tangu saa 6 usiku. Likifupishwa kuwa "usile tangu saa 6", hubeba maana tatu. Mmoja ataacha kula saa 6 mchana wa jana na kufika amedhoofu, na mtoto mdogo atateseka zaidi. Mwingine, mwenye simu inayoonyesha 6:00, ataelewa saa 12 asubuhi, atakunywa uji saa 11 alfajiri, na atafikishwa chumba cha upasuaji tumbo likiwa na chakula kinachoweza kupanda na kuingia mapafuni wakati wa usingizi wa ganzi. Ni mmoja tu kati ya watatu aliyeelewa ilivyokusudiwa. Ni bora kuambiwa: "Kula chakula chako cha jioni cha leo, kisha ukilala usile tena mpaka tukuambie." Maji matupu huruhusiwa kwa wengi hadi masaa 2 kabla ya ganzi, lakini hilo ni la daktari wa usingizi kuamua kwa kila mgonjwa.

Simu za mkononi zimeleta kosa hilohilo nyumbani. Mgonjwa wa shinikizo la damu aliyeambiwa ameze dawa saa 2 asubuhi na saa 2 usiku humpa mjukuu simu amtegee kengele. Mjukuu huandika 2:00. Kengele hulia usiku wa manane na tena saa 8 mchana. Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi: kosa hilo, kwa dawa ya mara mbili kwa siku isiyofungamana na chakula, huharibu usingizi kuliko linavyoharibu tiba. Dozi zote mbili zimesogea kwa masaa sita, na kati yao bado kuna masaa 12. Hatari huja pale saa mbili tofauti zinapochanganyika. Kengele ya asubuhi ikitegwa vizuri saa 2, kwa kuwa mtu yuko macho na anaona kosa, na ile ya usiku ikaandikwa 2:00 ya alasiri, dozi hupishana kwa masaa 6 kisha 18. Hatari nyingine ni kwa dawa zinazoambatana na chakula, kwa maana chakula hakisogei pamoja na kengele.

Usiku wa Ijumaa ni usiku upi?

Kwa desturi ya pwani, kama ilivyo kwa Waislamu na Wayahudi popote, siku huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa, kwa bibi wa Kariakoo aliyekulia katika desturi hiyo, ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Kwa mjukuu wake ni usiku baada ya Ijumaa kumalizika. Wote wawili huishi nyumba moja, na watangazaji wa redio wamepata njia ya kuwaridhisha wote kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". (Hesabu ya siku zenyewe ina vituko vyake: Jumatano ni ya tano ukianzia Jumamosi, na Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu, ukianzia Jumapili, hivyo juma la Mswahili lina siku mbili za tano zinazofuatana.)

Tofauti hiyo ya masaa 24 inaweza kuamua tiba. Aliyebakwa, au mhudumu aliyejichoma sindano yenye damu ya mgonjwa, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU iwapo ameanza ndani ya masaa 72, na kila saa inayotangulia ina thamani. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Mtu anafika Jumatatu adhuhuri na kusema tukio lilikuwa usiku wa Ijumaa, karibu saa 4. Kama ni usiku baada ya Ijumaa, yamepita masaa 62 na dawa inaanza mara moja. Kama ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yamepita 86. Swali la kuuliza ni jepesi: "Kulipokucha, ilikuwa siku gani?" Asiyeuliza anaweza kumnyima mtu kinga aliyostahili, na mtu huyo hatajua kamwe kwamba amenyimwa kwa sababu ya neno usiku.

Tarehe za kurudi kliniki nazo huteleza. "Kesho kutwa" ni siku inayofuata kesho, na wazee huendelea na mtondo na mtondogoo, maneno ambayo vijana wengi wa Ilala hawayajui tena. "Baada ya siku tatu" wengine huihesabu pamoja na leo, wengine bila leo. Dawa yake ni kalamu: jina la siku, tarehe, na sehemu ya siku, vyote kwenye kadi.

Siku ya mfanyakazi wa Kariakoo

Maelekezo mengi ya dawa yametungwa kwa mtu wa ofisini anayeamka saa 12, kula mara tatu na kulala saa 4 usiku. Kariakoo haina watu wengi wa namna hiyo. Mama lishe huwasha jiko saa 9 usiku ili chai na maandazi yawe tayari makuli wanapofika. Kuli hubeba mizigo tangu alfajiri na mlo wake wa kwanza wa maana unaweza kuwa saa 5. Mfanyabiashara aliyekuja kununua kutoka Lusaka au Lubumbashi amelala ndani ya basi usiku mbili, na saa ya mkononi mwake iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Mlinzi hulala wakati wengine wanafungua maduka. Tangu biashara ya masaa 24 izinduliwe Kariakoo mapema mwaka 2025, idadi ya wanaoishi kinyume cha jua imepata sababu ya kuongezeka, na mwili haukubali mpango huo kwa urahisi. Saa iliyo ndani ya ubongo, ambayo utafiti wa vinasaba vyake uliwapatia Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017, huongozwa na mwanga unaoingia machoni. Usingizi wa mchana chini ya bati huwa mfupi, na sukari ya damu hupanda zaidi kwa chakula cha usiku wa manane kuliko kwa chakula hichohicho cha asubuhi.

Kwa watu hawa, "asubuhi" na "kabla ya kulala" si saa za ukutani. Mlinzi aliyeandikiwa dawa yenye kuleta usingizi, amitriptilini kwa mfano, akiimeza saa 3 usiku kama bahasha inavyosema, ataimeza anapoanza zamu. Saa yake ya kulala ni saa 2 asubuhi, na hapo ndipo dozi yake ilipo. Mwenye duka anayetumia furosemaidi, dawa inayoongeza mkojo, mara nyingi huiacha kimyakimya. Vyoo vya sokoni ni vya kulipia na viko mbali, na kibanda hakiachwi peke yake. Kliniki hukuta miguu imevimba, hudhani dozi ni ndogo na kuiongeza. Ilikuwa inatosha kuuliza siku yake inakwendaje. Dawa hiyo humaliza kazi yake kubwa katika masaa kama 6, hivyo mwenye kufunga duka saa 9 alasiri anaweza, kwa ushauri wa daktari wake, kuimeza akiwa amefika nyumbani na bado akalala bila kuamkaamka.

Kisukari ndicho chenye adhabu ya haraka zaidi. Glibenklamidi husukuma kongosho itoe insulini iwe chakula kimekuja au hakikuja. Insulini ya mchanganyiko huchomwa nusu saa kabla ya kula, na mahesabu yake yote yanasimama juu ya mlo huo. Kuli aliyechoma saa 12 asubuhi kwa sababu kadi inasema asubuhi, akala saa 5, amebeba magunia kwa masaa matano akiwa na insulini isiyo na kazi ila kuteremsha sukari. Jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla na maneno yasiyoeleweka huweza kudhaniwa uchovu au ulevi. Aliye macho apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari, kisha baada ya dakika 15 aangaliwe tena na apewe chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na sindano ya kesho ifuate chakula, popote chakula kilipo.

Katika mwezi wa Ramadhani siku nzima ya mtaa hupinduka. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni masaa 13 na zaidi, na milo miwili, futari na daku, hukaa usiku. Dawa ya mara moja au mara mbili kwa siku huhamia humo bila taabu kubwa. Ya mara tatu haihamii, na daktari akijulishwa mapema mara nyingi anaweza kuibadili kwa ile ya mara moja au mbili. Wenye kisukari wanatakiwa waonane na kliniki yao wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi ya daku aghalabu hupunguzwa na ile kubwa huelekezwa kwenye futari. Anayetumia insulini, mjamzito mwenye kisukari na mwenye figo dhaifu wamo katika kundi ambalo madaktari hushauri lisifunge, na sheria ya dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Wanazuoni wengi wa sasa wanaona kwamba kutoboa kidole kupima sukari hakuvunji saumu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha kupima mchana. Kipimo kikishuka chini ya 3.9, afungue hapohapo, hata kama kimebaki kitambo kidogo adhana isikike; siku hiyo hulipwa baadaye.